Papa: Msafiri asiye na pasipoti, mzee kuliko miti

NENO papa lina maana nyingi katika ukanda wetu. Ukifika Uvira au Bukavu, papa ni baba mwenye nyumba, na mama muuza ndizi atakuita hivyo hata kama huna mtoto. Kwa Wakatoliki, Papa yuko Roma. Katika magazeti ya Tanzania ya mwishoni mwa miaka ya 2000, papa alikuwa fisadi mkubwa anayemeza fedha za umma, na mwizi mdogo akaitwa dagaa. Kwa watu wa pwani papa ni samaki wa baharini, mwenye meno, anayeliwa kwa mchuzi wa nazi.

Makala haya yanamhusu huyo samaki. Ndugu msomaji unaweza kuuliza, sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganyika, tunaokula mukeke na ndagala, papa anatuhusu nini? Anatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, ni kiumbe anayevuka mipaka na kurudi alikozaliwa, jambo ambalo wengi wetu tunalijua kwa miguu yetu wenyewe. Pili, ni jambo la mfukoni: papa mkavu anayesafirishwa kwenye magunia kutoka pwani sasa anaguswa na sheria ya kimataifa, na mfanyabiashara asiyeijua anaweza kupoteza mzigo wake.

MZEE KULIKO MITI

Wataalamu wa visukuku wanasema jamii ya papa imekuwapo baharini kwa zaidi ya miaka milioni 400. Miti ya kwanza ilitokea takriban miaka milioni 385 iliyopita. Maana yake ni kwamba papa waliogelea kabla nchi kavu haijapata kivuli cha mti hata mmoja. Dainosaria walikuja baadaye sana, wakatawala, kisha wakatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Papa wakabaki.

Dunia imepitia maangamizi makubwa matano. Baya kuliko yote lilitokea miaka milioni 252 iliyopita, likafuta sehemu kubwa mno ya viumbe vya baharini. Kila mara papa walipoteza ndugu wengi, lakini ukoo haukukatika. Leo kuna zaidi ya aina 500. Mdogo kabisa ana urefu wa takriban sentimita 20, unaweza kumweka kiganjani. Mkubwa kuliko wote hufikia mita 18, na huyo jirani zetu wa Tanzania wanamjua vizuri.

Wavuvi wanamwita papa shilingi, kwa sababu mgongo wake umejaa madoa meupe ya mviringo, kana kwamba mtu amemwaga sarafu juu yake. Anaonekana katika maji ya Kilindoni, kisiwani Mafia, hasa kati ya Oktoba na Machi. Licha ya ukubwa wake, papa shilingi hamli mtu. Anafungua kinywa, anachuja maji na kumeza vijidudu na visamaki vidogo. Mwanasayansi Andrew Smith ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1828, baada ya mmoja kunaswa Table Bay, Afrika Kusini.

Mwili wa papa hauna mfupa. Umejengwa kwa gegedu, ile nyama ngumu iliyo kwenye masikio na ncha ya pua zetu. Ngozi yake ina vijimeno vidogo vidogo, ndiyo maana zamani mafundi waliitumia kama msasa wa kulainisha mbao. Ini lake ni kubwa na limejaa mafuta, yanayomsaidia asizame. Nilipokuwa nasoma Mishamo, Tanzania, katika makazi ya wakimbizi ambako wazazi wangu walifikia baada ya mwaka 1972, mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mtu wa Pangani. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mafuta hayo huitwa sifa, na kwamba mabaharia waliyapaka kwenye mbao za majahazi ili zisioze. Sisi watoto wa porini, ambao hatukuwa tumeiona bahari, tulicheka sana kusikia kwamba sifa inanuka.

MAWE YA KUTOKA MBINGUNI

Kwa kuwa gegedu huoza upesi, papa akifa hubaki meno tu. Bahati nzuri meno ni mengi: papa hung'oka meno na kuota mengine maisha yake yote. Meno hayo yakizama kwenye tope hugeuka mawe, na ndiyo yaliyotuletea habari za papa wa kale.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliokota mawe yenye umbo la pembetatu, wakayaita mawe ya ulimi. Wengine waliamini yameanguka kutoka mbinguni, wengine wakayavaa kama kinga dhidi ya sumu. Mwaka 1666 wavuvi walimnasa papa mkubwa karibu na Livorno, Italia. Kichwa chake kikapelekwa Florence, akapewa daktari kutoka Denmark aitwaye Nicolas Steno akipasue. Steno alipoyatazama meno ya papa yule aliona yanafanana kabisa na mawe ya ulimi. Hakuwa mtu wa kwanza kuhisi hivyo, lakini maelezo yake aliyoyachapisha mwaka 1667 yalikwenda mbele zaidi. Alijiuliza: jino la samaki limeingiaje ndani ya mwamba wa mlimani? Jibu lake, kwamba miamba hujengwa tabaka juu ya tabaka na ya chini ndiyo ya zamani, ni moja ya misingi ya elimu ya miamba tunayoifundisha hadi leo.

Mengi ya mawe yale makubwa yalikuwa meno ya papa aliyekwisha kutoweka, megalodoni. Jina lake maana yake ni jino kubwa, na si kwa masihara. Jino lake moja liliweza kufikia sentimita 18, takriban mara tatu ya jino la papa mweupe, yule anayetisha watu kwenye sinema. Kuhusu urefu wake wataalamu bado wanabishana. Wengi walikadiria kati ya mita 15 na 20, na utafiti uliotolewa mwaka 2025 ulifika mita 24. Hata tukichukua kipimo cha chini, ni kama basi la abiria lenye taya.

Megalodoni aliishi hadi takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Ziwa Tanganyika linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Kwa hiyo ardhi yetu ilipokuwa inapasuka na bonde la ziwa letu kujaa maji, mnyama huyo alikuwa bado anawinda nyangumi katika bahari za dunia. Ziwa limebaki, yeye ameondoka. Inadhaniwa kwamba bahari zilipoa, nyangumi aliowategemea wakapungua au kuhamia maji ya baridi, na papa mweupe, aliye mdogo na mwepesi, akamnyang'anya chakula. Zipo filamu zinazodai kwamba megalodoni amejificha vilindini. Hakuna ushahidi wowote wa hilo.

Kabla yake kulikuwa na wengine wa ajabu zaidi. Stethacanthus, wa takriban miaka milioni 360 iliyopita, alikuwa na pezi la mgongoni lenye umbo kama meza ya kupigia pasi, tena lenye vijimeno juu yake. Helicoprion aliacha kisukuku ambacho kilisumbua vichwa vya wataalamu kwa zaidi ya miaka 100: meno yaliyojizungusha kama konokono, zaidi ya 100 katika duara moja. Mrusi Alexander Karpinsky alipomweleza mwaka 1899 alifikiri duara hilo lilikaa puani. Wengine wakaliweka mgongoni, wengine mkiani. Ni mwaka 2013 tu ambapo picha za mionzi za kisukuku kutoka Idaho, Marekani, zilionyesha kwamba lilikaa katikati ya taya la chini, likikata kama msumeno wa mviringo wa kiwandani. Picha hizo pia zilionyesha kwamba Helicoprion hakuwa papa hasa, bali binamu wa papa.

ALIYEZALIWA KABLA YA WAKOLONI

Turudi kwa walio hai. Katika maji ya baridi kali ya Greenland na Iceland anaishi papa mzito, mvivu, ambaye hukua kwa chini ya sentimita moja kwa mwaka. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Julius Nielsen walipima lenzi za macho ya majike 28 kwa njia ya kaboni, ile inayotumika kujua umri wa vitu vya kale. Mkubwa wao, mwenye mita 5, alikadiriwa kuwa na miaka 392. Kipimo hicho kinaweza kupungua au kuongezeka kwa miaka 120, lakini hata kikipunguzwa chote anabaki na miaka 272. Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kuishi muda mrefu hivyo.

Hesabu hiyo nimewahi kuiandika ubaoni. Papa huyo alikuwa tayari anaogelea mwaka 1884, mataifa ya Ulaya yalipokaa Berlin kugawana Afrika. Mipaka tunayoivuka leo na mifuko yetu kichwani yote imechorwa yeye akiwa mtu mzima.

Lakini tuangalie upande wa pili wa umri huo. Jike lake linakadiriwa kuanza kuzaa likiwa na takriban miaka 150. Akivuliwa na miaka 100, amekufa kabla ya kuzaa hata mara moja. Papa mweupe naye jike lake husubiri takriban miaka 30. Ipo aina nyingine ambayo mtoto aliyetangulia kukua tumboni huwala ndugu zake, mwishowe mama huzaa watoto wawili tu, mmoja kutoka kila upande wa tumbo la uzazi. Samaki wetu wa ziwani tumewazoea kwamba ukivua leo, msimu ujao wapo. Papa hazaliani hivyo. Uzazi wake unakaribia wa tembo kuliko wa ndagala.

JE, TANGANYIKA INA PAPA?

Swali hili wanafunzi huniuliza kila mwaka, na ni swali zuri. Papa wengi wakiingia maji yasiyo na chumvi hufa, kwa sababu miili yao imejaa chumvi na yurea, ile taka iliyo kwenye mkojo, na maji baridi huwaingia mwilini kwa wingi hadi kuwazidi. Hapa hapa wauzaji wa papa mkavu watapata jibu la swali lao: yurea hiyo papa akifa hugeuka amonia. Ndiyo harufu ile kali inayofanana na ya choo, na ndiyo sababu watu wa pwani humpasua na kumtia chumvi bila kuchelewa.

Hata hivyo ipo aina moja inayoweza kubadilisha kazi ya figo na kukaa mtoni. Kusini mwa Afrika wanamwita papa wa Zambezi, kwa sababu hupanda mto huo. Amepatikana pia mbali ndani ya mto Amazon. Katika Ziwa Nicaragua, Amerika ya Kati, watu walidhani kwa muda mrefu kwamba papa wao ni wa ziwani tu, hadi mtafiti Thomas Thorson alipowafunga vibandiko miaka ya 1960 na kugundua kwamba hupanda na kushuka mto San Juan hadi baharini. Karibu na Brisbane, Australia, mafuriko ya miaka ya 1990 yaliwaacha papa sita wa aina hiyo katika ziwa dogo la uwanja wa gofu, wakaishi humo takriban miaka 17.

Basi kwa nini asifike kwetu? Maji ya Tanganyika hutokea Kalemie kwa mto Lukuga, yakaingia mto Kongo na kufika Atlantiki. Njia ipo, lakini kati ya Kinshasa na Matadi kuna maporomoko ya Livingstone, ambayo hata meli haipiti. Kwa hiyo wanaoogelea Bujumbura wamwogope kiboko na mamba. Papa hayumo.

KUONDOKA NA KURUDI

Mwezi Novemba 2003 watafiti walimfunga papa mweupe jike kifaa cha kufuatiliwa na setilaiti, pwani ya Afrika Kusini. Walimpa jina la Nicole. Baada ya siku 99 kifaa kilijitoa kikiwa magharibi mwa Australia, kilomita 11,000 kutoka alikofungwa. Mwezi Agosti 2004 Nicole alionekana tena Afrika Kusini, akatambuliwa kwa alama za pezi lake. Katika muda usiofika miezi tisa alikuwa amekwenda na kurudi zaidi ya kilomita 20,000.

Habari ya pili ni ya visiwa vya Bimini, Bahamas. Papa wa huko, wenye rangi ya manjano kama limau, huzaa watoto katika maji ya kina kifupi karibu na mikoko. Watafiti waliwapima vinasaba watoto hao kwa karibu miaka 20. Mwaka 2013 walieleza kwamba majike wasiopungua sita waliozaliwa hapo kati ya 1993 na 1997 walirudi kuzaa mahali pale pale miaka 14 hadi 17 baadaye. Walikuwa wameondoka wakiwa wadogo, wakaishi kwingine, na hakuna aliyewaonyesha njia.

Nilipoisoma habari hiyo niliiweka kitabu chini kwa muda. Nilirudi Burundi mwaka 2009, nchi ambayo wazazi wangu waliitaja kila jioni lakini mimi sikuwa nimeikanyaga. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu na samaki, najua. Tuliorudi tulikuta mashamba yana wenyewe, watoto wetu wanasema Kiswahili na hawajui Kifaransa. Papa anayerudi Bimini naye hukabiliwa na jambo kama hilo: mikoko ikikatwa ili kujenga hoteli, anafika mahali alipozaliwa na hapakai tena mtoto. Kurudi hakutoshi kama pa kurudia hapapo.

NANI AMWOGOPE MWENZAKE?

Katika mwaka wa kawaida, watu wanaouawa na papa duniani kote hawafiki 15. Mamba wa mito ya Afrika peke yao hupita idadi hiyo kwa mbali, na watu wa Rusizi waliosimuliwa habari za mamba Gustave hawahitaji kuelezwa. Upande wa pili, utafiti wa mwaka 2013 ulikadiria kwamba binadamu huua takriban papa milioni 100 kwa mwaka. Mwingine, wa mwaka 2021, ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu walipungua kwa asilimia 71 kati ya 1970 na 2018. Wengi huuawa kwa ajili ya mapezi yanayopikwa supu Mashariki ya Mbali, wengine hunaswa kwenye nyavu zilizotegewa samaki wengine.

Ukoo uliovumilia maangamizi matano unaweza kumalizwa na nyavu ndani ya miaka 100. Na kwa kuwa msafiri kama Nicole hupita katika maji ya mataifa mengi, nchi moja ikimlinda na ya jirani ikamvua, ulinzi huo ni bure.

KWA WENZETU WA MPAKANI

Ndiyo maana mataifa yalikubaliana kupitia mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, CITES. Papa wenye vichwa vya nyundo, ambao pwani huitwa pingusi, waliingizwa mwaka 2013. Mwaka 2022, katika mkutano wa Panama, iliingizwa familia nzima yenye aina zaidi ya 50, akiwamo papa wa Zambezi na yule wa Bimini. Uamuzi huo ulianza kutumika Novemba 2023. Burundi, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zote ni wanachama.

Biashara haijapigwa marufuku kwa nyingi ya aina hizo, lakini mzigo ukivuka mpaka unatakiwa uwe na kibali cha CITES kutoka nchi ulikotoka, kinachoonyesha kwamba papa alivuliwa kihalali na kwamba uvuvi huo haumalizi kizazi. Karatasi ya forodha na cheti cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki havichukui nafasi ya kibali hicho. Tatizo ni kwamba papa akishakatwa na kukaushwa, ni vigumu kumtambua ni wa aina gani. Kwa hiyo anayenunua Dar es Salaam au Tanga kwa nia ya kuvuka Kobero au Manyovu amuulize muuzaji aina ya papa na kibali chake mapema, akiwa bado na fedha mkononi. Akingoja kuulizwa mpakani, atakuwa amechelewa.

Nasi walimu tuna kazi yetu. Mtoto wa Rumonge huenda asiione bahari kamwe, kama sisi tulivyokuwa Mishamo. Lakini akijua kwamba jino lililookotwa mlimani lilifundisha watu historia ya dunia, na kwamba yupo samaki aliyezaliwa kabla mipaka yetu haijachorwa, atamtazama papa kwa macho mengine, hata siku atakapomkuta sokoni amekauka, ana chumvi, na bei yake imepanda.